Ng'ombe wa Nani Wanaitwa?

Swali lilikuja kwenye picha ya 31.

Nilikuwa chini ya tenti, kando ya skrini kubwa ya kukodi, laptopu yangu juu ya kiti cha plastiki kwa sababu meza zote zilikuwa zimechukuliwa na wapishi. Jenereta ilinguruma nyuma ya migomba. Boma moja huko Siaya, Jumamosi, saa tano asubuhi, jeneza limeshatolewa nje. Kazi yangu ndiyo hii: familia hunitumia picha za marehemu kwa simu, nyingine zimepigwa zikiwa bado ndani ya fremu ukutani, mwanga wa flashi umemkaa mtu katikati ya uso. Nazisafisha, nazipanga tangu utoto hadi uzee, naziwekea muziki. Dakika tano, sita. Watu wanalia, mchungaji anachukua maikrofoni, mimi nakunja nyaya na kutafuta matatu ya kurudi Kisumu.

Picha ya 31 ilimwonyesha marehemu akiwa na miaka ishirini hivi. Suruali pana miguuni, mkono kiunoni, nyuma yake pazia la studio lililochorwa ndege ikipaa. Wimbo uliokuwa ukipita chini yake ni "Kothbiro" wa mwanamuziki Mkenya Ayub Ogada. Karibu kila mara huwa naweka huo.

Mama yake marehemu, bibi ambaye boma zima linamwita Dani, alikuwa ameketi mstari wa mbele na fimbo yake magotini. Nikamwona akiinamisha sikio upande wa spika. Akasikiliza kwa muda. Kisha akauliza jambo kwa Kijaluo, kwa sauti ya kutosha watu wa tenti ya pili wasikie, na wanawake watatu waliokaa naye wakaziba midomo kwa leso.

"Amesema nini?" nikamuuliza kijana wa jenereta.

"Anauliza, ng'ombe wa nani hao wanaitwa?"

Wiki saba sasa. Bado namsikia.

## Folda ya HUZUNI

Kwenye diski yangu kuna folda niliyoipa jina HUZUNI, kwa herufi kubwa. Ndani mna nyimbo kumi na nne: nyingi za injili, piano tupu mbili tatu, na huu wa Ayub, ambao humo ndani hauitwi "Kothbiro". Unaitwa huzuni_02. Niliuandika hivyo siku niliyounakili na sikuwahi kulibadilisha jina. Wateja nao hawaagizi kwa jina. Husema "weka ule wa nyatiti", yaani kile chombo cha nyuzi cha Wajaluo, au "ule wa taratibu, unaujua", na kweli naujua.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Kijaluo changu ni cha kusalimia na kushukuru, basi. Nimeuweka wimbo ule kwenye maziko ya Wajaluo, ya Wakamba, ya Wataita, na mara moja kwenye maziko ya mwalimu mmoja Mpokomo ambaye watoto wake waliniambia baba yao aliupenda. Katika miaka yote hiyo sikumuuliza mtu hata mmoja maneno yake yanasema nini.

Siku ile nilimuuliza kijana wa jenereta, tukiwa tunabeba spika.

"Koth ni mvua," akasema. "Biro, inakuja. Anawaambia watoto mvua inakuja, warudishe ng'ombe nyumbani."

"Halafu?"

"Halafu nini? Ndio hivyo."

Ndio hivyo!

Fikiria mtu angemrekodi mama yangu akiwa upenuni, wingu jeusi limeshafika baharini, akinipigia kelele niache mpira nikaanue nguo. Kisha sauti hiyo ipelekwe nchi za watu, na huko wazungu wakae gizani wafute machozi. Ndicho nilichokuwa nikikifanya kwenye makaburi ya watu, tena kwa malipo.

Nikajiuliza ni nani aliyenifundisha kwamba wimbo ule ni wa huzuni. Jibu halikunichukua muda, na lilinitia haya. Ni sinema. "The Constant Gardener", ya 2005, ile ya mwanadiplomasia Mwingereza ambaye mkewe anauawa hapa kwetu. Walipiga picha Kibera, wakapiga na Turkana, Rachel Weisz akapata Oscar. Mimi niliitazama kwenye zile DVD za filamu nane kwa moja, nyumbani kwa rafiki, na wimbo uliponifikia ulikuwa tayari umeshavikwa nguo nyeusi. Tangu hapo sikuwahi kuuona umevaa kitu kingine.

Kwa hiyo mkono wa kwanza kuuweka wimbo msibani haukuwa wangu. Hilo lilinipa nafuu kwa siku mbili, tatu.

## Ayubu ni Ayubu

Nikaanza kumtafuta mwenye sauti. Nilidhani namjua.

Sikujua kwamba ni mtoto wa Mombasa. Alizaliwa huko mwaka 1956, akaitwa Job Seda. Wazazi wake walikuwa wanamuziki, na utotoni aliwahi kuishi nao Marekani, ambako walikuwa wakiwapigia watu wa huko muziki wa Kijaluo. Akarudi, akakua, na mwaka 1979 akawa mmoja wa walioanzisha African Heritage Band jijini Nairobi. Ukitazama filamu ya "Out of Africa" ya 1985 utamwona humo akiigiza Kanuthia, kwa jina lake lile la kwanza. Mwaka uliofuata akaenda Uingereza na nyatiti yake.

Huko dunia ikamjua kwa jina Ayub Ogada. Nami, msomaji wa Biblia ya Kiswahili tangu shule ya Jumapili, ilinichukua siku nzima kung'amua kwamba Job na Ayub ni mtu yule yule. Yule wa majipu na subira. Alilibadilisha jina bila kulibadilisha. Alilirudisha tu upande huu wa dunia, na wengi wetu tukafikiri ni jipya.

(Nilimweleza mke wangu ugunduzi huu kwa msisimko mkubwa. Akasema, "Kwani hukujua?")

Mambo ya tarehe nayaacha hapo. Mahali nilipokwama, na ambapo bado naona sijatoka, ni kwenye stesheni.

## Sekunde kumi na tano

Alipofika London alipiga nyatiti kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi, akipata riziki kwa wapita njia. Wakati ule jambo hilo lilikuwa kinyume cha kanuni. Leseni za wanamuziki wa stesheni zilianza kutolewa mwaka 2003. Kwa maneno mengine alikuwa mchuuzi asiye na kibali, kama hawa wetu wa barabarani wanaotandaza turubai huku wakitupa jicho kwenye kona.

Wanaoijua nyatiti wanajua ilivyo. Bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, nyuzi nane, ambazo zamani zilikuwa mishipa ya ng'ombe na siku hizi ni nailoni ya kuvulia samaki. Mpigaji hukaa chini kabisa. Kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma, oduong'o, inayogonga mti wa chombo, na kifundoni hufungwa gara, yaani njuga, zinazolia kila mguu unapotikisika. Mtu mmoja, na tayari ni bendi. Kwa hali hiyo ni chombo kinachomfaa mtu asiye na wa kumsaidia kubeba vyombo, na hilo nalisema mimi ambaye nimebeba spika hadi mgongo ukanikataa.

Sasa mweke mtu huyo kwenye njia ya chini kwa chini, vigae ukutani, mwangwi, umati unaokimbilia treni. Kila anayepita anamsikia kwa sekunde kumi na tano, labda ishirini. Hakuna anayesikia mwanzo wala mwisho. Hakuna anayejua lugha. Ukiimba kuhusu ng'ombe au kuhusu kodi ya nyumba, kwao ni mamoja. Kinachomfikia mpita njia ni ile sauti tu, nayo ina sekunde hizo kumi na tano za kumfanya mtu apunguze mwendo na kupeleka mkono mfukoni.

Nilivyofikiri hivyo nikausikiliza tena wimbo kwa masikio ya mhariri. Nyatiti inazunguka, inarudi pale pale, inazunguka. Unaweza kuingia popote na kutoka popote. Ndiyo maana nimekuwa nikiupenda kazini: picha ziwe 40 au 90, naukata popote na hakuna anayeona mshono. Nikajiambia, bwana huyu njia ya stesheni ndiyo iliyomfunza hivi.

Nadharia nzuri sana. Niliipenda kwa wiki nzima.

Kutoka stesheni akafika jukwaa la WOMAD, tamasha la muziki wa dunia, mwaka 1988, kisha lebo ya Real World ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, na mwaka 1993 ikatoka albamu "En Mana Kuoyo". Maana yake, ni mchanga tu. Humo ndimo ulimo "Kothbiro" tunaoujua. Sauti ya chini, mtu aliyekaa kwenye kigoda. Mwanamuziki wa kujitegemea kama tunavyopenda kumwona: hana bosi, hana bendi, hana wa kumwambia punguza au ongeza. Nami ninayejiajiri, ninayetembea na diski shingoni kama hirizi, nilijiona humo. Nilianza hata kuandika makala nyingine kabisa, ya kumsifu mtu wa peke yake.

Nashukuru sikuichapisha.

## Majina mawili

Juni 2018 shemeji yangu alinitumia ujumbe wa sauti: "Sikiliza, Kanye ameiba wimbo wako wa matanga." Ulikuwa "Yikes" wa rapa Mmarekani Kanye West, katika ile albamu aliyoiita "ye". Nilicheka, nikausikiliza mara moja, nikaendelea na mambo yangu. Wiki hizi saba ndipo nilipourudia, nikasoma walioandikwa kuwa watunzi. Ogada yumo. Pembeni yake kuna jina jingine ambalo sikuwahi kulisikia: James Mbarack Achieng.

Kilichochukuliwa na Kanye kilikuwa cha zamani kuliko stesheni, cha zamani kuliko London yenyewe. Ni "Kothbiro" ya mwaka 1976, ya Black Savage, bendi ya vijana wa Nairobi. Job Seda alikuwa mmoja wao. Mbarack Achieng alikuwa mmoja wao.

Niliutafuta nikausikiliza usiku, spika za masikioni, watoto wamelala.

Magitaa. Kundi zima. Vijana wa miaka ya sabini, na mwenyewe nikaona kabisa zile suruali pana za picha ya 31.

Basi nadharia yangu ya stesheni ikafa hapo hapo. Wimbo ulikuwa umeshatungwa miaka kumi kabla hajakanyaga kigae cha London. Na yule mtu wa peke yake niliyekuwa namchonga kwa maneno matamu, alikuwa mtu aliyebeba wimbo wa kundi hadi mahali ambapo kundi halikufika. Sasa sijui kama huko ni kujitegemea au ni kubaki. Watu husema "amejiajiri" kwa sauti ya kusifu, na mimi pia nimesifiwa hivyo, lakini kabla sijajiajiri tulikuwa watatu, tulikuwa na duka, na mmoja wetu ndiye aliyenifundisha kukata picha kwa mdundo. Jina lake haliko kwenye kadi yangu ya biashara.

Nimeiweka sentensi hiyo na kuifuta mara nne. Leo naiacha.

Kuna jambo lililonisumbua zaidi, nalo ni la fedha. Kwenye hesabu ninayowapa wateja kuna mstari ulioandikwa "Uhariri na muziki". Muziki! Nimelipwa kwa mstari huo miaka yote na sijawahi kumlipa mwanamuziki hata senti. Kwa sheria yetu hakimiliki ya utunzi hudumu miaka 50 baada ya mtunzi kufa, na mbali na utunzi kuna haki ya rekodi yenyewe, ambayo ni ya aliyeitengeneza. Nilikuwa nalijua hilo kama ninavyojua kwamba natakiwa kunywa maji mengi. Kila mara intaneti iliponinyamazisha video kwa ajili ya wimbo, nililalamika kwa mke wangu kwamba wanawaonea mafundi wadogo.

Hapo ndipo nilipokumbuka 2019.

Ayub Ogada alifariki Ijumaa, tarehe 1 Februari, nyumbani kwake Nyahera, Kisumu. Habari nilizipata Jumamosi jioni, kwenye redio ya matatu, nikitoka Machakos. Nilikuwa nimetoka kuuweka "Kothbiro" kwenye maziko. Asubuhi ile, yeye akiwa na siku moja tu tangu aage dunia, nilikuwa nimemwimbisha kaburini kwa mtu mwingine, na nikapokea malipo yangu kwa M-Pesa, na nikala wali.

Abiria mmoja kwenye matatu akasema, "Huyu ndiye nani?" Dereva akasema, "Yule wa ile filamu."

## Mzee wa mitambo

Nina mzee mmoja ninayefanya naye kazi mara kwa mara, fundi wa mitambo ya sauti, mtu wa Ugenya. Huwa nampelekea mambo yakinishinda, hata yasiyo ya nyaya. Nikamweleza yote: Dani, leso, ng'ombe, aibu yangu.

"Mzee, niliwakosea heshima?"

Alikuwa anachomelea waya. Hakuinua macho. "Omera, nyatiti ni ya matanga tangu zamani. Jathum, mpiga nyatiti, aliitwa, akakaa, akaimba marehemu alikuwa nani na ukoo wake ni upi. Akasifu na waliokuja. Mtu akisikia raha anasimama, anasimamisha muziki, anajisifu mbele ya watu, analipa, muziki unaendelea. Ndiyo pakruok hiyo."

"Kwa hiyo sikukosea."

"Ulikosea kidogo. Hukusimamisha wimbo watu wajisifu. Ungerudi na hela."

Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kumbe maneno ndiyo ya malishoni, lakini chombo chenyewe kinaijua njia ya msibani kuliko mimi ninavyoijua. Ningeridhika na hilo, ningefunga daftari. Ila mzee aliweka chini chuma cha kuchomelea, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Huyo marehemu alikuwa na boma lake? Walifanya tero buru?"

Sikujua ni nini. Akanieleza. Mwanamume mwenye boma akifa, ng'ombe hukusanywa, watu huwaswaga kwa mbio, wenye mikuki na mikuki, wenye filimbi na filimbi, kelele hadi mbali na nyumbani, kifo kinafukuzwa. Wakishakifukuza wanageuka.

"Na ng'ombe?"

"Wanarudishwa nyumbani."

Alilisema kama jambo la kawaida, akarudi kwenye waya wake. Mimi nikabaki nimekaa.

Kwa sababu sikuona ng'ombe siku ile. Niliona ndama mmoja amefungwa karibu na jiko, na huyo alikuwa na safari yake nyingine. Nikakumbuka usiku wa Ijumaa, nilipofika kujaribu skrini, wazee wanne wa ukoo wamesimama langoni na wana wawili wa marehemu wamesimama mbele yao, sauti za chini, mikono ikisema zaidi ya midomo. Nilidhani ni mambo ya bajeti. Huwa ni mambo ya bajeti. Nikakumbuka mchungaji akirudia mara mbili kwenye maikrofoni kwamba marehemu alikuwa ameokoka na familia imeamua kumzika Kikristo, na mara ya pili akalisema polepole, akitazama upande wa wazee.

Kisha nikaja mimi, mtu wa Mombasa, na huzuni_02.

Spika mbili kubwa, mbele ya watu mia nne, mvua inakuja, rudisheni ng'ombe nyumbani.

Na mwanamke mzee mstari wa mbele akauliza, kwa sauti ya kusikika tenti ya pili, ng'ombe wa nani hao.

"Dani hakuwa anakuuliza wewe," mzee akasema, bado ameinama. "Wewe ni mtu wa spika tu."

## Bila picha

Sikumpigia mteja kuthibitisha. Ungemuulizaje mtu jambo kama hilo? Lakini Jumanne iliyopita alinipigia yeye.

"Kaka, habari za siku. Ile video bado unayo?"

"Ipo. Nikutumie tena?"

"Dani ndiye anayeitaka. Lakini anataka bila picha."

Nikadhani picha zinamwumiza, nikaanza kusema pole. Akanikatiza.

"Hapana. Anasema uso wa mwanawe anaujua. Anataka ng'ombe." Akanyamaza kidogo. "Na tafadhali, usiweke kwenye grupu ya familia. Nitumie mimi peke yangu."

Nilikaa nikaufungua mradi wa siku ile. Picha 74 zimepangwa kama vigae, na chini yake ule mstari wa kijani wa sauti. Nikaona jambo ambalo mkono wangu ulikuwa umelifanya kwa mazoea bila kuniuliza: kila sauti ya Ayub ilipoanza kuimba maneno, nilikuwa nimeshusha muziki, ili mshereheshaji akitaka kusema kitu asikike. Nyatiti peke yake nilikuwa nimeiacha juu. Dani aliyasikia maneno kwa nguvu ya masikio yake mwenyewe.

Nikapandisha yote. Nikafuta picha moja moja. Kuna kitufe cha kuzifuta zote kwa pamoja, ila sikukitumia. Ya 31 ilikuwa ya mwisho.

Kwenye simu yangu kuna barua pepe kwa lebo, ya kuuliza namna ya kulipia wimbo unaotumika kwenye video za maziko, ngapi na kwa nani. Nimeiandika mara tatu. Kila nikifika mahali pa kutaja ni mara ngapi nimeshautumia, naiacha kwenye rasimu. Mstari wa "Uhariri na muziki" nimeshaugawa mara mbili, na upande wa muziki kwa sasa hauna bei, jambo ambalo limewafurahisha wateja wawili na kumtia shaka mmoja.

Kwa kijana wa Siaya nilituma faili usiku ule ule. Lilipokuwa likipanda nikaona jina lake, huzuni_02, na nikawaza Dani akionyeshwa simu, mjukuu akimsomea kilichoandikwa juu ya wimbo. Nikasimamisha. Nikaandika Kothbiro. Nikatuma upya.

Faili la kwangu nimelitoa kwenye ile folda. Kwa sasa liko nje, kwenye skrini ya mbele, kati ya stakabadhi ya stima na picha ya mtoto. Sijajua niliweke wapi.